Mfuko Usio na Alama

Ilikuwa mwaka wa tisini na tatu. La, nakosea. Tisini na tatu mumewe Wadha alikuwa hai bado. Nilimwona kwa macho yangu pale ufukweni Qantab, amevua shati, anafungua injini ya mashua yake. Basi ni tisini na nne, Idi Kubwa ya mwaka ule wa Kombe la Dunia la Amerika, jua la mwezi wa tano linachemsha ubongo. Ndiyo, tisini na nne. Wadha mwenyewe haukosei mwaka ule. Ungemwamsha usingizini angekutajia nani alisimama wapi na amevaa nini.

Naandika habari zake kwa sababu wajukuu wa Qantab siku hizi wanamjua kuwa ni yule bibi mkarimu mwenye shimo, aliyewalisha watu wote sikukuu. Kuwalisha aliwalisha kweli. Kwa ajili gani, hilo hawalijui.

Wadha ni mtoto wa ami yangu. Alizaliwa Wete, Pemba, nyumba yenye mikarafuu mpaka dirishani. Tulipoanza kurudi Oman makundi kwa makundi, miaka ile ya sabini, yeye aliolewa na mvuvi wa Qantab, akaletwa pale kwenye kighuba kidogo kilichobanwa na milima pande tatu, bahari upande wa nne. Barabara ilikuwa haijakatwa. Ukitaka kwenda mjini Matrah unapanda mashua. Dagaa walianikwa mchangani kama nguo, na waliokauka walipewa mbuzi wakala. Mara ya kwanza nilipomtembelea alinikalisha jikoni, akanimiminia chai ya maziwa, akanitazama ninavyokunja uso.

"Unaisikia harufu yake, kaka? Mbuzi wa huku wananuka papa."

"Utazoea."

"Mimi nishazoea. Nakuonea huruma wewe."

Ndivyo alivyokuwa, ulimi wake mwepesi. Wanawake wa pale walimcheka mwanzoni kwa Kiarabu chake, nao wakaishia kupiga foleni mlangoni kwake alfajiri kwa mikate ya mofa na mandazi. Alizaa mtoto mmoja tu, Ruba. Na mumewe alimpenda, jambo ambalo wanaume wa rika letu hawakupenda kulionyesha, lakini yeye alilionyesha. Akirudi baharini alimwita jina lake tangu majini.

Sasa lazima nieleze mambo ya shimo, maana asiyelijua shimo hataelewa kosa wala kisasi.

Idi Kubwa kwetu Oman ni nyama ya shuwa. Siku ya kwanza watu wanasali kiwanjani, wanachinja, na wanawake wanaipaka nyama viungo: thumu, iliki, bizari, pilipili manga, siki. Wadha alizidisha karafuu, hakuweza kujizuia. Nyama ya kila nyumba inafungwa kwa majani ya mgomba, inatiwa ndani ya mfuko uliosukwa kwa makuti ya mtende. Siku ya pili, alasiri, wanaume wote wanakwenda shimoni. Shimo ni moja kwa kijiji kizima, lina kina cha kimo cha mtu, ndani limejengwa mawe. Kuni za migunga zimewaka tangu asubuhi hata zimekuwa makaa mekundu. Mtu mmoja anapiga ukelele, mifuko yote inatupwa kwa mara moja, kifuniko cha chuma kinawekwa, udongo unamwagwa juu na kukandamizwa, watu wanakimbizana na kutukanana, maana moshi ukipata tundu la kutokea, moto unapata pumzi na nyama inageuka mkaa. Ndiyo maana shimo linataka mikono mingi. Shimo la mtu mmoja si shimo.

Siku ya tatu asubuhi linafunguliwa. Mifuko inatoka myeusi yote, inafanana kama watoto wa paka mmoja. Hutambui wa nani ni upi ila kwa alama. Huyu kafunga waya wa shaba, yule msumari uliopindwa, mwengine kizibo cha chupa kilichotobolewa.

Shimo la Qantab lilikuwa ubavuni mwa ukuta wa Mahfoudh. Babu yake ndiye aliyelichimba, na yeye akalihesabu kuwa lake, kama mtu anavyoihesabu pua yake. Mtu mrefu, ndevu zimechongwa vizuri, sauti yake ya takbira ilikuwa inasikika mpaka kwenye mashua zilizotia nanga. Utotoni alikaa Unguja dukani kwa mjomba wake, kwa hivyo Kiswahili alikijua sana, ila alikiweka kwa ajili ya kutukania. Akikusalimu kwa Kiarabu uko salama. Akikwambia "Hujambo, bibi wee," ujue umekwisha.

Mume wa Wadha alifariki mwisho wa ile tisini na tatu, maradhi ya siku chache tu. Eda ilipokwisha, Mahfoudh akataka kumuoa awe mke wa pili. Wala hakuona haya, akamtuma Nunu, mkewe mwenyewe, kwenda kuposa. Nunu ni Mzanzibari kama sisi, mtu wa Malindi ya Unguja, mcheshi mpaka msibani.

"Nimetumwa, shoga," akasema mlangoni. "Usinitazame hivyo. Mimi ni mtume tu."

Wadha alikuwa anasukuma chapati. Hakusita hata mara moja.

"Mwambie nnaye mume. Yuko kaburini, na bado ananitosha."

Nunu alicheka mpaka akakaa chini, na bila ya shaka ni yeye aliyeyatoa maneno yale nje, maana kabla ya magharibi yalikwishafika ufukweni. Mahfoudh akipita, wavuvi wanaulizana kwa sauti, "Ati kaburini kunatosha?" Kila mtu akacheka. Yeye alishika njia yake. Nilimwona uso wake siku ile, nikajua hajasamehe.

Ndipo ikaja Idi ile. Na Idi ile haikuwa ya kawaida kwa Wadha. Watu wa Matrah, wenye duka la vitambaa, walikuwa wamemwona Ruba kwenye harusi moja, wakatuma salamu kuwa watakuja siku ya tatu kula chakula cha mchana na kusema neno. Nyumba haina mwanamume. Wadha alitaka sahani ya shuwa iwasemee kwamba hapa ni nyumba ya watu, bwana kafa lakini heshima haijafa. Alikuwa na beberu mmoja wa marehemu, akamchinjisha.

Mambo ya alama yalikuwa ya mumewe. Kila mwaka alifunga kipande cha waya wa injini, Wadha hata hakupata kuuona ukifungwa, kwa sababu wanawake hawakuwa wakilikaribia shimo. Basi mwaka ule alitoa kanga kuukuu ya mama yake, nyekundu ya maua meusi, maandishi yake yalikwishafifia, akachana ukanda upindoni, akaufunga kwenye mdomo wa mfuko. Alifikiri rangi ile itaonekana upesi. Akajifunika buibui, akaupeleka mwenyewe.

Mahfoudh akaupokea kwa mikono miwili. Akakishika kile kitambaa, akakipapasa kwa dole gumba.

"Mabruk," akasema. "Alama nzuri. Haitapotea."

Nilikuwa upande wa pili, ndani ya moshi, sikuona alichokishika. Awadh, mzee mwenzangu, yeye aliona.

Siku ya tatu, mifuko ikatolewa. Kila mtu akachukua wake. Ukabakia mmoja mchangani, hauna alama yoyote. Wadha akasogea, akanyosha mkono.

"Hujambo, bibi wee," akasema Mahfoudh.



"Mfuko wangu ndio huo," akasema Wadha.

"Alama yake iko wapi?"

"Nilifunga kitambaa. Umekishika mwenyewe jana. Ukakisifu."

"Kitambaa!" Akawageukia watu. "Jamani, kitambaa ndani ya moto! Hawa watu wa ng'ambo kwao moto ni wa kuchemshia muhogo tu." Wako waliocheka. "Sikiliza, bibi. Shimo lina kanuni yake, babu yangu aliiweka. Mfuko usio na alama ni wa mwenye shimo."

Hakuna aliyewahi kuisikia kanuni ile. Awadh alifungua mdomo, kisha akaufunga. Kila mmoja ameshika nyama yake, moto bado, watoto wanangoja nyumbani. Walinyamaza wote. Mimi mgeni nilijaribu kusema, Mahfoudh akanijibu kwa Kiarabu cha adabu kwamba shimo si la wageni, na wageni wake mwenyewe kutoka Maskati wanasubiri kula. Akaubeba.

Wadha hakulia. Alizungusha macho kwa kila uso mmoja mmoja, kama anayekagua samaki sokoni.

"Mmesikia nyote?" akasema. "Mfuko usio na alama ni wa mwenye shimo. Yahifadhini maneno haya."

Majirani walimletea vipande. Alivirudisha vyote, sahani kwa sahani. Watu wa Matrah walipokuja walipakuliwa wali na jodari mkavu. Mama yake yule kijana alichota kidogo kwa ncha za vidole, akauliza kwa upole kabisa, "Kumbe Qantab sikukuu mnakula samaki?" Kahawa walikunywa finjani moja. Hawakurudi tena.

Jioni nilimkuta Wadha anasugua sufuria ambayo haikuwa chafu.

"Kaka, nitalizima shimo lile."

"Wadha, muachie Mungu."

"Mungu nimemuachia Akhera yake. Dunia hii nimebakisha mwenyewe." Akaigeuza sufuria, akaanza upande wa pili. "Na wala sitatia maji. Atalizima yeye. Halafu atakuja kwangu na mfuko begani, mchana, watu wakimwona. Na hawa walionyamaza, wote watakuja kabla yake."

Nilidhani ni hasira ya siku moja. Mimi mtu wa kutembea, msimu huu niko Qurum kwa binti yangu, msimu ule Matrah, nikichoka narudi Qantab. Basi kila nikirudi nilikuta hasira ile imekua kama mtoto, imeota meno, imeanza kutembea.

Kwanza alichimba shimo lake nyuma ya nyumba, mahali penye mawe matupu. Awadh ndiye aliyemjengea. Nadhani mdomo ule alioufunga ulikuwa unamuuma. Idi iliyofuata ikaingia mifuko miwili tu, wa Wadha na wa Awadh, na nyama ikatoka imebabuka nusu. Waliila hivyo hivyo, wakisifia.

"Tamu," akasema Awadh, meno yake meusi kwa mkaa.

"Nyamaza ule," akasema Wadha.

Kisha akaanza kazi. Mke wa mtu akijifungua, Wadha yupo na uji wa pilipili manga. Mtoto akiugua, yuko pale na maji ya mchele. Mtu akifiwa, chungu cha kwanza kinachofika kinatoka kwake. Watu wakasema, mama huyu roho yake ni asali. Mimi nilimjua. Wema wake wote ule ulikuwa na meno. Kila uji alioupika alikuwa anachukua mfuko mmoja kutoka shimo la Mahfoudh. Na kweli, Idi ilipokaribia, mwenye mtoto aliyepona angefanyaje? Angemwambia mkewe, mwaka huu tutie kwa Wadha, tumeshakula kwake sana.

Awadh alikata vipande vya chuma kutoka kwenye tangi la maji lililooza, akampa kila aliyekuja alama yake ya kudumu. Huyu samaki, huyu mwezi, huyu mwiko. Watoto walizipenda alama zile, waligombana juu yake. Wadha akimpa mtu kipande chake alimwambia, "Kwangu mfuko haupotei." Alilisema kwa kila mtu, mwaka baada ya mwaka, na kila aliyeambiwa aliinamisha macho, kwa sababu aliijua Idi ya tisini na nne.

Na kila Idi, nyama ya kwanza kutoka shimoni mwake aliipakua sahani kubwa, akaifunika kwa ile kanga nyekundu iliyochanwa upindo, akaituma nyumbani kwa Mahfoudh. Sahani ya sikukuu hairudishwi. Mtu anaweza kukataa posa, deni, hata salamu, lakini si sahani ya sikukuu. Nunu aliipokea mlangoni, akainusa.

"Karafuu tele. Akila hii atakoroma mpaka asubuhi."

"Mwambie ale," Wadha alituma jibu. "Ya kwake imeiva?"

Nunu aliniambia mumewe alikuwa anaila peke yake chumbani, mlango ameurudisha, na kanga ile akiiona alikuwa anaigeuza upande usiochanwa. Sahani nayo hairudi tupu, ndiyo ada yetu, kwa hivyo ilirudi na halwa. Mwaka mmoja tu haikurudi na halwa. Ilirudi na majivu ya shimo, yamepangwa vizuri, yamefunikwa kwa kanga ile ile. Sote jikoni tulishtuka. Ruba, ambaye wakati huo alikuwa mwalimu wa skuli Maskati na amekuja kwa sikukuu, alikaa kitako.

"Mama, basi tena. Mimi nishasahau hata majina ya wale watu."

"Umesahau wewe," akasema Wadha, anayachota majivu yale kwa vidole, anayatazama kama dhahabu. "Na mimi sikukwambia ukumbuke. Tazama, kaka! Majivu. Ameishiwa halwa, na moto wake unamzimikia. Kanitumia habari njema mwenyewe."

Akayapeleka kwenye minazi yake miwili, akayamwaga chini. Minazi ile ilistawi, jambo ambalo alikuwa akilitaja mara nyingi kuliko lilivyohitaji kutajwa.

Miaka ikenda hivyo. Barabara ikafika, ikaja na watalii wa kupanda mashua. Idi ikawa inarudi nyuma, ikatoka kwenye joto mpaka ikaingia baridini, watu wakawa wanapenda kusimama karibu na shimo. Kwa Mahfoudh wakabaki yeye na nduguye. Idi ya elfu mbili na tatu walitupa mifuko yao wawili, lakini nduguye mgongo unamuuma, kifuniko kikakaa upande, udongo haukuwahi. Kutwa nzima moshi ulitoka kwenye ule ukuta, mwembamba, mweusi. Ghuba yetu imebanwa, harufu haina pa kwenda. Ilituingia sote majumbani.

Wadha alitoka nje, akavuta pumzi kwa pua, akafumba macho.

"Inaungua," akasema, kama mtu anayesikia wimbo.

Mwaka uliofuata, ng'ambo ya mlima kulikuwa kunajengwa hoteli kubwa, na baadhi ya mafundi walikuwa wanakuja kwa Wadha kununua chapati. Mmoja wao alikuwa Japheth, Mkenya, fundi seremala, mtu mzima mwenye mvi. Kanisani kwake alikuwa haendi mara nyingi, ila sikukuu za wote alizihudhuria. Wadha alimpenda kwa sababu ya Kiswahili, ingawa alikicheka. Siku ya pili ya Idi alikuja kusaidia kukandamiza udongo.

Alasiri, mifuko yote imeshapangwa kando ya shimo, samaki, mwezi, mwiko, tukaona watu ufukweni wanageuka. Mahfoudh alikuwa anakuja kwa mguu, mchangani, mfuko begani, siki na viungo vinamtiririka kwenye kanzu nyeupe. Angeweza kupita nyuma ya nyumba. Alipita mbele. Nasriya, bintiye mdogo, alikuwa anaposwa na watu wa Qurum, na wale watu wangekuja siku ya tatu kula chakula cha mchana. Kijiji kizima kilijua. Wadha alijua zaidi.

Alifika, akautua mfuko. Akasalimu kwa Kiarabu, akamwita mama Ruba. Kisha akasema, taratibu, "Naomba nafasi."

"Nafasi ipo," akasema Wadha. Alijibu kwa Kiswahili. "Shimo langu halimkatai mtu. Lakini mfuko wako hauna alama."

"Nimeacha alama zangu kule. Nipe chuma kimoja."

"Vyuma vimekwisha."

Vilikuwepo. Vilikuwa ndani ya kopo miguuni kwa Awadh, sote tunaviona. Awadh akalisukuma kopo nyuma kwa kisigino.

Wadha akaitoa ile kanga kwapani. Nadhani aliiweka pale tangu asubuhi, labda tangu miaka kumi. Akaishika kwa meno, akaichana ukanda mwengine, na sauti ya kuchanika ile naisikia bado. Akamnyoshea.

"Nnacho kitambaa. Alama nzuri. Haitapotea."

 Japheth peke yake, maskini, hakujua lolote.

"Lakini mzee," akamwambia Mahfoudh kwa huruma, "hiyo nguo si itachomeka? Hapo ndani ni moto ya maana. Ukitaka nikutafutie msumari, niko nao kwa mfuko ya suruali."

Akautoa kabisa, msumari mpya wa inchi sita, akamnyoshea.

Mahfoudh aliutazama ule msumari. Akautazama mkono wa Wadha. Akakichukua kitambaa, akainama, akakifunga kwenye mdomo wa mfuko wake, fundo moja, akalikaza, halafu la pili.

"Shukran, ndugu," akamwambia Japheth. "Rudisha msumari wako."

Awadh akapiga ukelele. Mifuko ikatupwa.

Siku ya tatu walikuja watu ambao hata hawana mfuko. Kifuniko kikaondolewa, mvuke ukapanda, mifuko ikatoka. Samaki akaenda kwa mwenyewe, mwezi ukaenda, mwiko ukaenda. Ukabakia mmoja. Mahfoudh alikuwa amesimama pale pale alipopaswa kusimama, mikono nyuma.

"Huu wa nani?" akauliza Wadha.

Hakuna aliyejibu.

"Nimeuliza, jamani. Mbona mmenyamaza? Kunyamaza nyinyi mnakuweza." Akamgeukia. "Hujambo, bwana wee. Huu ni wako?"

"Ni wangu."

"Alama yake iko wapi?"

Mahfoudh akautazama mdomo wa mfuko, pale alipokuwa amefunga mafundo.

"Basi mkumbushe babu yako kanuni yake," akasema Wadha, na sauti yake, ambayo nimeijua tangu yu mtoto, sikuitambua. "Mfuko usio na alama ni wa mwenye shimo."

Akaupasua kwa kisu pale pale, mbele yake. Akaimwaga nyama kwenye sinia, akaliweka sinia kwenye jamvi, akawaita watu wote kwa majina, wale wale wa tisini na nne na watoto wao. "Karibuni. Kuleni. Hakuna kubeba nyumbani, kuleni hapa nikiwaona." Wakakaa. Wakala. Hapana aliyesema tamu. Japheth alitutazama mmoja mmoja, akaweka chini kipande chake, akaondoka na msumari wake.

Mahfoudh alingoja mpaka sinia likaonekana chini. Kisha akarudi kwa njia ile ile ya ufukweni, mikono mitupu, taratibu, hakujificha. Wadha alisimama kwenye mnazi kumtazama mpaka alipoingia mlangoni. Nilimtazama usoni nikitafuta kushiba. Alikuwa kama mtu anayekula haraka kabla sahani haijaondolewa.

Watu wa Qurum walikuja. Nunu akawapakulia wali na jodari, kwa sababu hapakuwa na kingine. Nasriya mwenyewe ndiye aliyenisimulia: mkwewe alipomwona samaki alipiga makofi, akasema alhamdulillahi, siku tatu hizi nyama imetutoka puani. Walikula mpaka wakaomba ukoko. Harusi ilifungwa mwaka ule ule.

Habari hiyo Wadha aliletewa na Nunu kwa mdomo wake, kama kawaida ya Nunu. Alikuwa anachambua karafuu. Aliuliza neno moja tu.

"Walicheka?"

"Walicheka, shoga. Hata yeye Mahfoudh alicheka kidogo."

Wadha aliendelea kuchambua. Jioni ile alikataa kula. Aliniambia, "Basi wa Matrah wangeweza kucheka na wao." Halafu akakasirika nami kwa kuwa nimemsikia.

Mahfoudh hakuifikia Idi nyengine. Alianguka ufukweni miezi michache baadaye, kifua. Chungu cha kwanza kilichofika msibani kilitoka kwa Wadha, kimefunikwa kwa kanga ile iliyochanwa pande mbili. Nunu alikirudisha chungu, ndani kimejaa halwa. Kanga hakuirudisha. Wadha hakuidai, na mimi sijaiona tena.

Shimo la ubavuni mwa ukuta sasa limejaa mchanga, watoto wanaficha mpira wao humo. La Wadha linawaka kila mwaka, mifuko mingi kuliko zamani, na yeye mwenyewe, mzee sasa, anakaa kwenye kiti kuyahesabu makosa ya vijana. Hajajuta, msidhani. Akisimulia siku ile bado anaichana ile kanga hewani kwa mikono miwili.

Lakini liko neno moja linanisumbua, nami nikitembea huwa naliuliza. Nimemuuliza Nunu, akasema mumewe hakuwa mtu wa kusema naye. Nimemuuliza Awadh kabla hajafa, akageukia ukutani. Nimemuuliza na Wadha mwenyewe, mwaka huu tu, akanitazama, akaomba chai. Mtu aliyezaliwa kando ya shimo, aliyejua kuliko sisi sote kwamba nguo haivuki moto, na msumari ananyoshewa mbele ya uso wake: kwa nini alikifunga kile kitambaa, kwa mikono yake mwenyewe, mafundo mawili?